Walimuuza winga wetu, jina la muuzaji wakanipa mimi

Admin, jina langu libaki hukohuko kwenye simu yako, maana Kariakoo bado wapo wazee wanaosoma kwa miwani ya kuazima na watanijua. Mimi ni Mzaramo wa Mchafukoge, miaka sabini na kitu, nimefiwa na mke mwaka huu. Kisomo changu ni cha ngumbaru na ninaandika kwa kidole kimoja, kwa hiyo nivumilieni. Mbona sisi tunavumilia suruali zenu.

Enzi za Ujamaa nilikuwa kwenye kamati ya timu ya mtaa wetu. Iliitwa kamati ya ufundi, na ufundi wenyewe msiniulize, waulizeni kuku weupe wa wakati ule. Tulikuwa na winga wa kushoto, kijana wa Kinyamwezi kutoka Tabora, tukimwita Upepo. Siku hizo mchezaji hakulipwa mshahara. Timu ilimtafutia kazi kwenye shirika la umma, na mwanachama mmoja akampa chumba na chakula. Chumba kilikuwa kwangu, chakula cha mke wangu, Mama Zuhura. Na kwa kuwa Mnyamwezi na Mzaramo ni watani, nyumba yangu ilikuwa matusi asubuhi mpaka jioni.

"Shemeji, huu ni wali au changarawe?" Upepo anamuuliza mke wangu.

"Kula, mtani," Mama Zuhura anamjibu. "Kwenu mmezoea kulishwa na nyuki, hapa nyuki ni mimi."

Basi Upepo akaanza kununa. Mazoezini anachelewa, akipewa pasi anautazama mpira kama anamtazama mkwe. Sababu tuliijua: kazi aliyoahidiwa na Mwenyekiti haikutoka. Huyo Mwenyekiti ni rafiki yangu tangu jando. Tumelia kwa kisu kimoja, mimi na yeye.

Tukaitisha kikao klabuni, chini ya makuti yanayovuja. Kuna waliosema aachiwe aende zake, ng'ombe aliyenuna hakamuliki. Mimi nikasimama. Nikawaambia, "Mkimwachia leo, kesho atatufunga sisi wenyewe. Mpeni kazi mliyomwahidi, mtaona kama atanuna."

Mwenyekiti akakohoa, akasema, "Mwenzangu amemaliza. Kijana abaki. Na kwa kuwa analala kwake, yeye ndiye mdhamini wake."

Wakanipigia makofi. Nikavimba kama andazi.

Haukupita muda Upepo akabeba begi lake asubuhi, akaniambia mlangoni, "Mtani, tutaonana uwanjani." Nikacheka, nikamwambia asichelewe. Nilidhani anakwenda kwao kusalimia kabla ya ligi kuanza. Ligi ikaanza, tukaenda uwanjani Ilala kucheza na wapinzani wetu wakubwa, na Upepo akatokea kwenye mstari wao, kavaa jezi yao. Akatufunga, tena kwa mguu uleule tulioukanda kwa mafuta ya nazi ya Mama Zuhura.

Mtaa wote ukanigeuka. Wakasema mdhamini ndiye kauza. Wakanipa jina, Mzee Mnada, na mpaka leo ndilo jina langu barazani. Mimi ni mtu wa mzaha, nililicheka likacheka nami. Lakini Mama Zuhura alipopanga foleni ya sukari kwenye duka la ushirika, wanawake walimwambia, "Mpisheni mke wa muuza watu, huyu kwake sukari imejaa." Alirudi na kapu tupu, na hakunilaumu. Mwenyekiti naye alinitetea. Alisema, "Mwacheni jamani, njaa haina adabu." Utetezi gani huo, nilichelewa kuuelewa.

Mwaka huohuo klabu ikaezekwa mabati. Wakati huo bati lilitaka kibali, na watu wenye nyumba zao walilisubiri mpaka wakasahau. Mwenyekiti akasema kahangaika mwenyewe maofisini. Tukampigia makofi, na mimi nilipiga kuliko wote.

Sasa njooni kwenye msiba wa Mama Zuhura. Upepo alikuja, meno hana, fimbo mkononi. Mnajua mtani msibani ana ruhusa yake. Akaenda moja kwa moja kukaa juu ya jeneza, akagoma lisibebwe.

"Halitoki hapa mpaka nilipwe. Huyu mama kanilisha, kisha Mwenyekiti kanibadilisha na mabati. Mtani wangu Mnada, mwenzetu ulipata mabati mangapi?"

Watu wakacheka, ndiyo kazi ya mtani. Mwenyekiti peke yake alikuwa anaangalia ndara zake.

Nikamjibu, "Sikupata hata msumari."

Kicheko kikamkauka Upepo. Akashuka juu ya jeneza mwenyewe, bila kulipwa chochote. Tulipotoka makaburini akanishika mkono. "Mwenyekiti aliniambia unajua. Aliniambia wazo ni lako, ila unaona haya kuniaga. Wale walinipa kazi, ninyi mkapewa mabati. Miaka yote hii nilidhani tunataniana."

Sasa vijana wa klabu wanataka kuliita jengo kwa jina la Mwenyekiti, na yeye mwenyewe kaomba hotuba nitoe mimi, ndugu yake wa jando. Desturi yetu inasema maneno ya mtani msibani hayafuatwi. Nikiyasema, wataniambia Mzee Mnada kazeeka, anashika utani. Nikinyamaza, Mama Zuhura atabaki mke wa muuza watu hata huko aliko.

Juzi mvua ilinyesha tukiwa klabuni tunakunywa kahawa. Mwenyekiti akaniinamia sikioni, maana mabati yalikuwa yanapiga kelele. "Mnada, unaona? Halivuji hata moja."

Nikamwambia naona.

Nishaurini, wajukuu zangu. Siku hiyo wakinipa kipaza sauti chini ya mabati yale, niseme, au nimsifu nikae?