Ngozi Ndani ya Pampu

Wanaosema pampu ni chuma tu hawajawahi kuishi nayo. Ile ya shamba la mzungu upande wa Moiben, iliyoendeshwa na upepo, ilitegemea kikombe cha ngozi kilichopanda na kushuka ndani ya bomba, chini kabisa kwenye giza la kisima. Mume wangu ndiye aliyeitunza. Mchana nilijilaza na mtoto nikiisikia inavuta, inashusha, inavuta, hadi sikujua naota au niko macho.

Kiangazi kimoja kisima kikaanza kutoa mchanga. Ngozi mpya za kutoka Eldoret zilikuja kavu kama ugali wa jana, na mchanga ukazitafuna moja baada ya nyingine. Mzungu akachoka kununua. Akamwambia mume wangu kwamba pampu ikisimama tena, tufunge mizigo turudi kwetu Magharibi. Nilikasirika mpaka uji ukaungua. Kwani huo mchanga tuliuleta sisi?

Jirani yangu, mama wa Kinandi aliyekamua ng'ombe wa shamba, alinikuta nakunja blanketi. Akaondoka, akarudi na ngozi aliyobebea watoto wake mgongoni, laini, inanukia samli aliyoipaka miaka yote. Akamwekea mume wangu mapajani.

"Kata," akasema.

"Lakini mama, hii ni ya watoto wako," mume wangu akasema.

"Na mkienda, nitaongea na nani hapa? Ng'ombe?"

Mume wangu akakata kikombe, akakitia kwenye mafuta ya ng'ombe mpaka kikashiba. Upepo ukizidi, aliifunga pampu ili mchanga utulie chini kwanza. Maji yakaja polepole, lakini yakaja. Mvua ilitukuta hapo hapo shambani, na ngozi ni ile ile.

Siku hizo jirani alizoea kuja asubuhi, anasimama kando ya bomba, mkono juu yake, bila mtungi. Nikamtania, "Mama, umekuja kukagua mali yako?"

Akatabasamu. Kisha akaniambia kwamba mtoto wa mwisho aliyembeba kwenye ngozi ile alikufa kabla ya kutembea. Hakuwa amemwambia mtu yeyote pale shambani.

"Huyo," akasema, "hakulala kamwe bila kutikiswa."

Nililia, wala sikujificha. Nikaweka mkono wangu kando ya wake juu ya bomba lililokuwa likitikisika, tukasimama pale mpaka upepo ukatulia.