Bega la Mheshimiwa

Mwaka ule wa kwanza wa corona, kama ulitaka kumjua Rispa, ungekwenda soko la Kambi ya Mkonge, nje kidogo ya mji wa Voi, ukamtazama akijaza maji kwenye mitungi miwili ya kunawia mikono. Mtungi wa kijani ulikuwa wa Vincent Mwasaru, sura yake imechorwa ubavuni, meno yote nje. Wa zambarau ulikuwa wa Daisy Wakesho, naye sura yake ipo, ila amefumba mdomo. Wote wawili walikitaka kiti kimoja cha wadi, na uchaguzi wenyewe ulikuwa bado miaka miwili. Wote wawili walileta mitungi, hakuna aliyeleta maji. Maji aliyatafuta Rispa, mhudumu wa afya wa kujitolea, yaani mtu anayefanya kazi ya serikali halafu serikali inamshukuru kwa fulana.

Basi watu wakajigawa. Mfuasi wa Vincent hakunawa kwa Daisy hata kama ametoka kuchinja kuku sasa hivi. Mtungi wa kijani ukikauka, watu wake waliondoka na mikono michafu na vichwa juu. Daisy naye akagawa barakoa za zambarau zenye jina lake, kwa hiyo mtu wa kijani akijifunika pua, ilisemekana amehama chama. Watu wa Daisy wenyewe walizivaa kidevuni, ili mkubwa akipita aone jina lake na sura ya aliyemvalia kwa pamoja. Virusi, nadhani, vilikuwa vinacheka.

Rispa alijaza mitungi yote miwili, ndoo kwa ndoo, na alitukanwa na pande zote mbili bila upendeleo.

Mumewe, Owino, alikuwa wa kijani mpaka kwenye soksi. Alitoka Siaya akiwa kijana, akafanya kazi miaka ishirini na tisa katika kiwanda cha mkonge, kwenye chumba cha brashi, pale nyuzi zinaposuguliwa na vumbi linajaa hewani hadi humwoni mwenzako. Mashine zilinguruma kiasi kwamba habari ya asubuhi haikusikika, kwa hiyo wanaume wa chumba kile walisalimiana kwa kofi la begani. Si kofi la mzaha. Kofi la haki, la kumjulisha mtu kwamba amesalimiwa. Owino alistaafu na vitu viwili: salamu hiyo, na kifua kilichojaa vumbi. Ngazi za kanisa ni tatu tu, lakini yeye alipumzika kwenye ya pili.

Serikali ilipokataza watu kushikana mikono, Owino alisema amri haimhusu. Yeye hashiki mkono wa mtu, anapiga bega, na bega waziri hakulitaja.

"Mama Lavender," sista Gertrude wa zahanati alimwambia Rispa siku moja, wakihesabu glavu, "nikwambie ukweli. Mzee wako ugonjwa huu ukimpata, hana mapafu ya akiba. Chanjo ikifika hapa, awe wa kwanza."

Rispa aliitikia tu, lakini maneno hayo aliondoka nayo, na tangu siku hiyo kila Owino alipokohoa, moyo wake ulisimama kumsikiliza. Alimpenda mzee huyo mbishi. Hakuwa na mwingine, na wala hakutaka kujifunza upya ubishi wa mwanamume mwingine.

Chanjo ilifika. Kwa bahati mbaya Daisy ndiye aliyewahi kupiga nayo picha, mkono wa gauni umekunjwa, uso umegeuzwa upande wa kamera. Picha ilipofika kwenye simu za watu, kazi ilikuwa imekwisha: chanjo imekuwa ya zambarau. Kesho yake Vincent alisimama kituo cha malori cha Maungu, mbele ya madereva, akajipiga kifua na kusema mwili wake umejengwa na kimanga cha mama yake, ule muhogo wa kupondwa na maharagwe, na sindano haitaugusa kamwe. Owino alikuwepo. Oundo alikuwepo pia, rafiki yake wa kufa na kuzikana, Msamia mmoja mrefu kutoka magharibi ya nchi, waliyeshika naye mashine moja miaka yote ile. Walirudi nyumbani wakiimba.

"Baba Lavender, watu wa umri wako wameanza kuitwa," Rispa alisema, akimwekea chai.

"Waitwe. Hiyo chanjo ni ya Daisy."

"Daisy ameitengenezea jikoni kwake?"

"Mheshimiwa amesema yeye hadungwi. Sasa mimi nidungwe nikiwa nani? Nitamtazama vipi?"

"Utamtazama ukiwa hai."

Oundo, aliyekuwa amekaa mlangoni na kikombe chake, alicheka. "Shemeji, wewe ni mtu wa serikali, tunakuelewa. Lakini sisi tuna msimamo."

Msimamo! Wanaume wawili wasioweza kupanda ngazi tatu bila kupumzika, lakini msimamo wanao. Rispa alibembeleza, akanuna, akapika samaki, akamwita mchungaji. Mchungaji alikuja, akaonekana naye ni wa kijani, akala samaki, akaenda zake.

Ijumaa ya juma la pili la chanjo, saa saba na nusu mchana, zahanati ikiwa tupu kwa sababu ya jua, gari lilisimama nyuma, upande wa kliniki ya akina mama. Mtu mnene akaingia kwa mlango wa kupimia watoto uzito, amevaa kofia ya dereva wake imeshuka hadi kwenye nyusi. Kwa mara ya kwanza mwaka mzima barakoa yake ilikuwa puani. Rispa alikuwa mezani na rejista. Alimtambua kabla hajavua kofia, kwa maana sura hiyo amekuwa akiipangusa vumbi kwenye mtungi kila siku.

"Mama, habari ya kazi," alisema Vincent Mwasaru kwa sauti ndogo ambayo Maungu hawaijui. "Hospitali kubwa ningeonekana. Nifanyieni haraka."

 Sista Gertrude alimkalisha, akampangusa bega la kushoto kwa pamba, akadunga. Mheshimiwa alifumba macho yote mawili.

"Jina langu usiliandike kubwa," alimwambia Rispa.

Rispa aliliandika dogo. Kisha akashindwa kujizuia. "Mheshimiwa, na watu wako?"

Vincent alishusha mkono wa shati, akamtazama kwa huruma kama anayemfundisha mtoto. "Mama, siasa ni siasa, afya ni afya. Nisalimie Mzee Owino. Yule ni mtu wangu kabisa."

Akatoka kwa mlango aliouingilia.

"Tumeapa," sista Gertrude alisema, hata kabla gari halijaondoka. Ilikuwa kweli. Rispa alikuwa ametia sahihi karatasi: la mgonjwa halitoki nje ya chumba kile, awe kichaa, awe mheshimiwa. Na Rispa hakuwa mtu wa kuvunja kiapo. Aliyajua ya nusu ya mtaa, nani ana dawa za kila siku na mimba ya nani ni ya nani, na hajawahi kufungua mdomo. Siku akiufungua, hakuna mama atakayempa tena mtoto wake ampime.

Kwa hiyo alikwenda nyumbani na siri yake. Owino alikuwa anapiga pasi shati la kijani. Kesho yake mheshimiwa angekuja Kambi ya Mkonge yenyewe, kwenye uwanja wa mpira. Mikutano ilikuwa imekatazwa, lakini huu si mkutano, walisema, ni kukutana tu.

"Anakuja kutushukuru kwa kukataa," alisema Owino, akakohoa hadi pasi ikamtetemeka mkononi.

Hasira ilimpanda Rispa mpaka machozi yakamlenga. Alikaa kwenye kiti, akafikiri. Kisha akasema polepole, kwa upole uliopaswa kumtia mumewe wasiwasi kama angekuwa mtu wa kuingiwa na wasiwasi:

"Kesho umsalimie vizuri, Baba Lavender. Usimpe kiwiko kama hawa wa mjini. Mpe ile salamu yenu ya kiwandani."

Owino aliinua uso. Kwa mwezi mzima mkewe hakuwa amesema neno jema juu ya Vincent. "Kweli?"

"Kweli. Umpige la kushoto. Ndilo la upande wa moyo."

Kama huko ni kuvunja kiapo, basi waulizwe wenye sheria. Mimi naona mke alimwambia mumewe amsalimie kiongozi wake, na hakuna karatasi inayokataza hivyo.

Siku ya pili uwanja ulijaa. Hakuna aliyenawa, mtungi wa kijani ukiwa pale pale getini. Vincent alisema yote aliyosema Maungu, akaongeza na mengine. Mwili wake hekalu. Sindano kamwe. Watu wakapiga makofi, Oundo akapiga mluzi. Mheshimiwa alishuka jukwaani, maikrofoni bado mkononi, akaja moja kwa moja kwa wazee wake.

Owino alijitanua. Miaka ishirini na tisa ya mkonge ilikusanyika kwenye kiganja kimoja, ikatua kwenye bega la kushoto la mheshimiwa.

"Uuuwi! Mzee! Hapo nimedungwa sindano jana!"

Maikrofoni ni chombo kisicho na chama. Maneno yalitoka kwenye spika zote nne, yakavuka uwanja, yakafika mpaka kwa wauza machungwa kando ya barabara kuu.  Vincent mwenyewe alionekana kushangaa ni nani aliyesema vile.

"Sindano ya malaria," alisema haraka. "Nilikuwa na malaria."

Owino alikuwa bado ameinua kiganja chake hewani. Amekaa Voi miaka arobaini na malaria anaijua kuliko anavyowajua baadhi ya watoto wake. "Mheshimiwa," aliuliza bila ubaya wowote, kama mtu anayetaka kweli kujua, "tangu lini malaria ikadungwa begani? Sisi huvuliwa suruali."

Wapo waliocheka, wapo walioondoka kimya kimya. Na wapo waliosimama pale pale na kuanza kumjengea mheshimiwa nyumba ya maelezo, tofali juu ya tofali. Fundi mkuu alikuwa Oundo.

"Wakubwa hudungwa begani," Oundo alisema njiani kurudi nyumbani. "Matako ni ya sisi wadogo. Owino, usiwe mtu wa kuyumba."

 Jumatatu asubuhi Owino alivaa shati jeupe, akafika zahanati kabla haijafunguliwa, akakaa kwenye benchi. Sista alipomdunga, mzee alimtazama Rispa aliyekuwa akiandika.

"La kushoto," alisema. "Wewe mwanamke."

Rispa aliendelea kuandika jina la mumewe, kubwa, la kuvuka mstari. 

Oundo alisubiriwa. Rispa alikwenda kwake mara nne, Owino mara kumi na zaidi. Wanaume wale wawili walifikia hata kutupiana maneno, watu waliokula pamoja tangu ujana. "Ulinunuliwa," Oundo alimwambia rafiki yake, na Owino akarudi nyumbani akalala bila kula. Daisy naye, tusimsahau, alipata kusikia habari za uwanjani, akazifanya wimbo wa kampeni, akapita mtaani na spika akiwaita watu wa kijani wajinga. Hapo ndipo Oundo alipoapa kabisa. Nani anakwenda kudungwa akiwa ameitwa mjinga kwa wimbo?

Mwezi wa saba wimbi lilirudi na nguvu mpya, na kifua cha Oundo kilikuwa na vumbi lile lile. Aliugua siku sita. Oksijeni ya mtungi ilikuwepo ya siku nne. Alizikwa hapo hapo Voi, mbali na makaburi ya baba zake Samia, kwa sababu amri ilisema azikwe upesi. Mtu mmoja nyuma ya Rispa alinong'ona kwamba sikio la kufa halisikii dawa, na Rispa akageuka akamwambia anyamaze. Sikio la Oundo lilikuwa zima. Lilisikia vizuri sana, ndiyo shida. Tumefundishwa kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hakuna aliyetufundisha la kumfanyia mkuu aliyesikilizwa.

Mheshimiwa alikuja na magari saba. Kijani kila mahali. Alishika maikrofoni, akasema Oundo alikuwa mtu wa msimamo, mtu asiyenunulika, na wadi hii inahitaji watu kama yeye. Watu wakaitikia kwa kumlilia Oundo. Rispa alitazama chini. Ijumaa iliyopita, saa saba na nusu, kwa mlango wa kupimia watoto, alikuwa ameandika tena jina lile kwa herufi ndogo. Wiki kumi na mbili kamili, hakuchelewa hata siku moja. Na hilo pia hakumwambia mtu.

Hotuba ilipokwisha, Vincent alipita kwenye mstari wa wafiwa akitoa pole. Alipomfikia Owino, mzee aliinua kiganja chake taratibu, kama zamani.

Vincent aliruka. Mkono wa kushoto alikwisha kuuficha nyuma ya mgongo kabla hajajua anachofanya, na wa kulia ameukinga mbele.

Owino alikiacha kiganja hewani kidogo, akimtazama. Kisha akakishusha bila kumgusa.

"Hiyo ni ya pili, mheshimiwa?"

"Pole kwa msiba, mzee wangu," alisema Vincent, macho yakitafuta gari lake.

"Oundo hakupata hata ya kwanza," alisema Owino.

Akageuka, akachukua beleshi kwa kijana aliyekuwa karibu, akaanza kufukia. Kila baada ya kutupa udongo mara mbili alisimama kuvuta pumzi, na Rispa alisimama kando yake akisubiri.