Niliwapa vifaranga wa broiler chakula cha ng'ombe, ikabidi nimpigie mke wangu Bukoba

Wakuu, heshima kwenu.

Hii ni ya kwangu mwenyewe, sijasimuliwa na mtu, na kuna sehemu inaniaibisha. Sitaificha.

Nafuga broiler, kuku wa nyama, hapa Kiseke, Mwanza. Niseme ukweli, tulikuwa tunafuga mimi na mke wangu. Mimi nilikuwa mtu wa maji, maranda na kutafuta wateja. Chakula alikuwa anachanganya wife, Koku, Mhaya wa Bukoba.

Mwaka jana mama yake aliugua, akaenda kumuuguza. Mama mkwe akafariki, tukazika. Mimi nikarudi Mwanza, yeye akabaki "kidogo tu" aiweke sawa migomba ya mama yake.

Hicho kidogo sasa kina miezi saba.

Jumamosi asubuhi Koku alikuwa anatandika turubai uani. Mahindi ya kuparaza, soya iliyokaangwa, dagaa aliowachekecha mchanga na kuwatwanga. Kisha anatoa mizani yake ndogo, anapima lysine na methionine, zile amino asidi za unga unga. Anazichanganya kwanza na mahindi kidogo kwenye beseni, ndipo anamwaga kwenye lundo na kugeuza kwa beleshi.

Nilikuwa namcheka. "Hawa ni kuku au wagonjwa?"

Leo natamani hata anitukane tu, mradi awe pale uani.

Sasa nilipoleta vifaranga wapya nikiwa peke yangu, Usukuma ukanipanda kichwani. Mzee wangu alinenepesha ng'ombe kwa mashudu ya pamba, nimekua nikiona kwa macho. Nikajisemea protini ni protini. Dagaa nikaacha, maana harufu yake sikuwahi kuipenda. Soya nikapunguza. Ule unga wa kupima sikuugusa kabisa.

Nikajaza mashudu.

Wiki ya pili nilichoka, wakuu. Vifaranga wanakula, wanakunywa, hawakui. Manyoya ya mabawa yamekaa hovyo, na wengine ungedhani wametotolewa jana.

Nikaenda Mirongo kwa dada mmoja mwenye duka la dawa za mifugo. Nikamweleza yote. Akaniangalia.

"Baba, ulimwona wapi kifaranga anacheua?"

Akanielewesha. Ng'ombe ana vijidudu tumboni vinavyomtengenezea amino asidi. Kifaranga hana, anategemea ulichomwekea. Mashudu ya pamba yana protini, ila lysine yake ni ndogo, na mahindi ni hivyo hivyo. Tena mashudu yana sumu inayoishika hata hiyo kidogo iliyopo.

Na amino asidi moja ikipungua, zingine hata zikijaa hazijengi nyama. Ni kama fundi mwenye matofali tele na saruji imekwisha.

"Anayekuchanganyia siku zote yuko wapi?"

Nikasema amesafiri.

Siku mbili nzima nilikuwa naishika simu na kuiweka. Siku ya tatu nikapiga.

Koku hakunicheka. Hilo liliniuma kuliko kama angenicheka.

"Chukua kalamu, Masanja."

Akanitajia kila kitu, taratibu. Gramu za lysine, gramu za methionine, soya ikaangwe hadi rangi gani, dagaa wasio na mchanga nikawachukue kwa mama yupi. Mambo ambayo miaka yote nikimuuliza alikuwa anasema, "Wewe acha, nitafanya."

"Umeandika yote?"

"Nimeandika."

Nilitaka kumuuliza anarudi lini. Nikajikuta namuuliza eti kati ya lysine na methionine inatangulia ipi.

"Zote pamoja," akasema, akaniaga vizuri.

Vifaranga wameinuka. Wachache wamebaki vijeba, ila wengi wana vifua sasa. Kila nikifungua banda asubuhi nageuka kutaka kumwonyesha mtu, na hakuna mtu. Nimemkumbuka sana, wakuu, sioni sababu ya kuzunguka.

Nilichojifunza ni kwamba kifaranga si ndama, usimlishe kwa mazoea ya kwenu. Na anayekupimia gramu, muulize kwa heshima akiwa bado nyumbani.

Wataalamu, nikosoeni kwenye chakula, nitashukuru.

Ninyi wenye ndoa nawaomba mnijibu moja tu. Mke akikuelekeza yote namna hiyo, asibakize hata kitu kimoja cha kuja kufanya mwenyewe, huyo bado anarudi?