Kidude Kisichojua Kukimbia Kiubavu

Siku za kazi anasaga vioo vya miwani katika chumba cha nyuma cha duka la macho. Mwisho wa wiki anashika kibendera pembeni mwa uwanja wa mpira. Kwa hiyo mashabiki hawakuumiza kichwa kumtafutia jina: wanamwita Miwani. Akiinua kibendera kuonyesha kwamba mshambuliaji ameotea, jukwaa zima linalipuka, "Miwani! Vioo vimeisha dukani?" Nimesikia waamuzi wakitukanwa kwa lugha nyingi, na karibu zote huanzia machoni. Kwake yeye tusi hilo linafika mpaka kazini.

Matusi alishayazoea. Kilichomtoa jasho mwaka huu ni kidude cha plastiki, kidogo kuliko kipande cha sabuni ya hotelini.

Kinabanwa kwenye kamba za kiatu. Kinahisi mguu unavyopiga ardhi, kisha kinapeleka habari kwenye simu: umekwenda umbali gani, kwa kasi gani, hatua zako zina urefu gani. Wakimbiaji wa barabarani wanakipenda sana. Katibu wa chama cha waamuzi aliwagawia watu wake wote, akawaambia wakivae mazoezini na kwenye mechi. Atakayeonekana mzito hatapangwa tena ligi ya wakubwa, atapelekwa kwenye mashindano ya watoto. Miwani amekaribia hamsini. Akishushwa ndio basi, hapandi tena, na hilo analijua bila kuambiwa.

Baada ya mechi ya kwanza alikaa jikoni, miguu ndani ya beseni la maji moto, akafungua simu. Simu ikamwambia kwamba sehemu kubwa ya mchezo alikuwa amepumzika.

"Nimepumzika?" aliifokea. "Nimepumzika mimi?"

Mkewe alikuwa anapiga pasi. "Hongera, baba watoto. Siku ukichoka tutakuokota kwa koleo."

"Usinichokoze, mama. Leo usinichokoze."

Aliangalia tena, akaelewa, na kuelewa kukamwongezea hasira. Mshika kibendera hakimbii kama watu wengine. Anatakiwa awe sambamba na beki wa mwisho wakati wote, uso umeelekea uwanjani, maana akigeuza macho kidogo tu mpira umeshapigwa na ukweli umempita. Basi anakwenda kiubavu, kama kaa, kwa vihatua vidogo vya haraka: beki akipanda anapanda, beki akirudi anarudi. Mapaja yanawaka moto. Kidude kilitengenezwa kwa ajili ya mtu anayetazama mbele na kwenda mbele. Mguu unaokwenda kiubavu hakiutambui.

Alimfuata katibu ofisini, chumba chenye mipira iliyoisha upepo na kabati lisilofungika.

"Kaka, kitu chenu hakinihesabu."

"Si kitu changu, ndugu yangu. Kamati ya chama imeshapitisha."

"Njoo koridoni uone mwenyewe."

Akakifunga kiatuni, akampa katibu ile simu, akaanza kwenda kiubavu kwenye korido, huko na huko, akiruka ndoo ya mama wa usafi, mpaka shati likamganda mgongoni. Mama wa usafi akaegemea ufagio wake kutazama. Namba kwenye simu ilijikongoja kidogo, ikasimama.

"Umeona?"

"Nimeona," katibu alisema, na hakuwa anatania. "Lakini nikikusamehe wewe, kesho kila mwenye kitambi atakuja kunichezea dansi hapa. Niletee namba, kaka. Namba tu."

Nyumbani alizunguka sebuleni kama mtu aliyepoteza funguo. "Nimemweleza! Nimemwonyesha kwa macho yake! Ananijibu eti imeshapitishwa!"

Mkewe alicheka mpaka akakaa chini. "Na wewe wachezaji wakikuzonga pale pembeni, huwa unawajibu nini?"

"Hayo ni mambo mengine."

"Ni mambo mengine kweli. Kule kibendera unacho wewe."



Tangu hapo akaamua kukipa kidude kinachotaka. Mazoezini akakimbia uso mbele, hatua ndefu, shingo tu ndiyo ikigeukia uwanjani mara mojamoja. Namba zikapanda. Katibu akamtumia picha ya kidole gumba. Miwani akajisikia vizuri, kisha akachukia kwamba anajisikia vizuri.

Ikaja mechi ya timu ya bandarini na ya kiwanda cha saruji. Kabla ya mapumziko, vijana wa bandarini wakashambulia ghafla. Miwani akatimua mbio sambamba nao, kifua mbele, kama mwanariadha. Alipogeuza shingo, mpira ulikuwa tayari umepigwa na mshambuliaji yuko peke yake na kipa. Alikuwa ameotea pale mpira ulipoondoka? Miwani hakujua. Miaka yote aliwahi kukosea, lakini kila mara alikuwa ameona kitu. Safari hii hakuwa ameona chochote. Wavu ukatikisika, na mkono wake ukapanda wenyewe na kibendera.

Bao likakataliwa. Jukwaa likachemka. Nahodha wa bandarini, kijana mpole, akamjia mikono nyuma.

"Mzee, kweli uliona?"

"Kibendera kimeshainuka, kijana. Rudi mchezoni."

Nahodha alimtazama sekunde moja zaidi ya kawaida, akarudi.

Wakati wa mapumziko Miwani alikaa kwenye benchi la chumba cha waamuzi, akafungua kamba za kiatu, akakitoa kidude na kukitupa ndani ya begi, chini ya taulo. Kipindi cha pili alikwenda kiubavu mpaka kipenga cha mwisho. Bandarini walifungwa bao moja bila.

Alimwambia mwamuzi wa kati, "Lile bao sikuona. Nilibahatisha."

"Nyamaza, bwana wee. Mechi imeisha, unataka tupigwe mawe?"

Akatoka akamtafuta nahodha nje, akamwambia maneno yaleyale. Kijana alisikiliza, akajibu, "Asante, mzee. Lakini bao halirudi," akapanda gari na wenzake.

Jioni katibu alipiga simu. "Kaka, kipindi cha kwanza umepaa, cha pili umekufa. Kidude kimeharibika?"

"Kizima. Nilikivua."

"Basi unajua nitakupanga wapi."

"Panga!" alisema kwa sauti kubwa kupita alivyokusudia, akakata, akaitupa simu kwenye kochi. Ikadunda, ikaanguka sakafuni. Akaiokota, akaifuta, akaitupa tena.

Safari hii mkewe ndiye aliyeiokota. "Hao watoto nao wanaotea?"

"Wanaotea? Wanakaa golini na kipa mechi nzima wanapiga soga! Na beki wa mwisho hakuna, wote wamekimbilia mpira!" Alikuwa bado anafoka. "Sasa mimi nisimame sambamba na nani?"