Sahani Sita za Bibi

Chumba changu cha mtaa wa Shari kilikuwa na hatua tano kutoka mlangoni hadi dirishani. Nilizipima mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Barabara ya kurudi kwetu Butembo ilikuwa imefungwa. Shule ya maternelle, chekechea ya hapo mtaani niliyokuwa nikifundisha, ilikuwa imejaa familia zilizokimbia Djugu, zinapika uani na kulala madarasani. Mwenye parseli, ule ua wa nyumba tulimopanga, naye alikuwa amefunga lango kwa mnyororo kwa sababu ya risasi tulizokuwa tukizisikia upande wa vilima. Wakati wa kula nilikula, wakati wa kulala nililala, na katikati nilikasirika. Watu hudhani mwalimu wa watoto wadogo lazima awe mtu wa subira. Subira yangu mimi huisha kengele ya mwisho ikilia.

Mlango wa pili alikaa bibi mmoja, shangazi wa mwenye parseli, na mjukuu wake wa kike aliyekuwa anakaribia miaka sita. Walikuwa wamefika kwa miguu kutoka Djugu. Bibi alikuwa amebeba kichwani sahani sita za bati zilizofungwa ndani ya kitenge, basi. Hakubeba sufuria wala blanketi. Mwenye parseli alimtania kwamba amekimbia vita kama mtu anayekwenda kupakua chakula harusini, naye bibi hakucheka. Kila mlo walitumia sahani mbili. Nne zilikaa kifudifudi juu ya kigoda, na kila asubuhi alizifuta vumbi.

Alikuja kwangu kwa shida moja. Shule ya msingi iliyo karibu nasi ilitarajiwa kufungua Septemba, lakini haikuchukua mtoto kabla direktrisi, mwalimu mkuu wake, hajamwona akihesabu hadi kumi na kushika krayoni. Mjukuu alihesabu kwa mdomo bila taabu. Krayoni aliishika kwa ngumi nzima kama mwiko wa kusongea bugali, na karatasi ikatoboka. Asipochukuliwa, angekaa mwaka mzima ndani ya lango lile.

"Madamu, usiache mutoto abakie humu sawa siye," bibi aliniambia.

Kazi hiyo naijua. Mkono wa mtoto haufunguliwi na krayoni, unafunguliwa na vitu vidogo, na hesabu ndiyo inayompa mtoto sababu ya kuvishika. Nilipanga vizibo kumi vya soda sakafuni, nikamwambia atie punje moja ya maharagwe katika kila kizibo, kwa kidole gumba na cha shahada tu. Siku ya kwanza alichota kwa kiganja akamwaga. Tukaanza upya. Kisha nilikata vikonyo vya majani ya mpapai, vile vyenye tundu katikati, tukavitunga kwenye uzi: virefu viwili, kifupi kimoja, virefu viwili, kifupi kimoja. Tukabana vibanio vya nguo kwenye ukingo wa beseni, vitatu, ongeza viwili, sasa viko vingapi? Vidole vilimuuma, akavikung'uta. Siku moja nilimfokea, na bado naona aibu. Haba na haba, punje zikaanza kuanguka mojamoja ndani ya vizibo, nami niligundua kwamba saa zile tu ndizo ambazo sikuwa nikipima hatua zangu tano.

Halafu nikaharibu mwenyewe. Baada ya vizibo, kwa kawaida, sisi walimu wa maternelle huingia kwenye kuhesabu watu. Nimelitoa zoezi hilo miaka mingi Butembo na hakuna aliyewahi kulalamika. Nilimwambia mtoto aweke sakafuni punje moja kwa kila mtu wa kwao.

Alitazama mlango. Nikarudia, kwa sauti ya juu zaidi, kwa kuwa nilidhani ni uvivu. Akafumba mkono juu ya maharagwe, akakaza mpaka vifundo vikabadilika rangi. Siku tatu mkono ule haukufunguka kwa kazi yangu. Hata vibanio alivishika tena kwa ngumi. Nilimwona akilini direktrisi akitikisa kichwa, nikajichukia.

Bibi alikuja akasimama kizingitini, hakuingia.

"Kwetu batu habahesabiwe, madamu. Ukihesabu batu, kifo inasikia."

Nilitaka kumjibu kwamba huko walikotoka kifo hakikungoja hesabu ya mtu. Neno lilifika kwenye meno, nikaliuma. Nikamwuliza, basi, nyumbani kwao walijuaje kama chakula kinatosha wote? Akaniangalia kama mtu anayeulizwa maji yanatoka wapi. Walipanga sahani, alisema, na kila sahani ilimjua mwenyewe.

Akaondoka, akarudi na zote sita. Alizipanga sakafuni kwangu, zimetazama juu, hata zile nne ambazo sikuwahi kuona zikiguswa ila kwa kitambaa. Akamwambia mtoto atie punje moja katika kila sahani. Mkono ukafunguka. Mtoto alizunguka, akibana punje kwa vidole viwili, akiiacha katikati ya bati taratibu, mpaka sahani ya mwisho. Hakuna aliyetaja namba. Baadaye mwenye parseli alinieleza kwamba siku ya kukimbia familia ile iligawanyika kwenye njia panda, na tangu hapo wanne hawajasikika.

Septemba mnyororo wa lango ulianza kufunguliwa asubuhi hadi jioni. Tulikwenda shuleni watatu. Mtoto alihesabu, akashika krayoni kwa vidole vitatu, na direktrisi akaridhika. Kisha, akiwa anajaza fishi, karatasi ya kumwandikisha mtoto, akamwuliza kwa upole swali analoulizwa mtoto yeyote: kwao wako wangapi?

Niliona ule mkono unaanza kufumba juu ya krayoni. Ukasita. Mtoto akainamia karatasi, akachora duara, akalifunga vizuri, akachora jingine, mpaka yakatimia.

"Iko masahani sita," alisema.

Direktrisi alicheka, akasema huyu ana akili, akaandika sita mahali pa watu wa familia. Nilifungua mdomo nimweleze kwamba wanaokula ni wawili. Bibi hajui kusoma, lakini namba anazijua. Alinishika kifundo cha mkono kwa nguvu ambayo sikujua anayo.

"Acha, madamu. Ibakie vile."

Niliacha. Mtoto aliingizwa darasani asubuhi ileile, wala hakugeuka kututazama. Mimi na bibi tukarudi ndani ya lango.