Mistari ya Dada

Binti wa dada yangu alinipigia simu siku ya Jumatano, nikiwa nasahihisha madaftari ya darasa la nne. Anaishi Bweri na anauza dawa katika duka moja pale Musoma mjini. Kwa kawaida akinipigia katikati ya wiki najua kuna mgonjwa, kwa hiyo nilipokea nikiwa nimeshasimama.

"Mama mdogo, shikamoo. Hakuna tatizo," alisema haraka, maana ananijua. "Jumamosi kuna bendi inatoka Mwanza, inakuja kupiga zilipendwa. Nimeshachukua tiketi mbili. Na usiniambie habari za goti."

Goti ndilo nililotaka kumwambia. Mimi si mtu wa kutoka usiku. Naishi Guta, jirani na mji wa Bunda, na mume wangu saa tatu anakuwa amelala. Muziki wangu ni kwaya ya Jumapili, tena siku hizi nasikiliza tu, siimbi. Lakini lile neno zilipendwa lilinikaa. Usiku nilimweleza mume wangu. Alisema niende, ila nibebe sweta, kwa sababu upepo wa ziwa hauna huruma.

Sikumwambia kwamba mtu wa kwanza niliyemfikiria niliposikia habari ile alikuwa dada.

Tulikulia katika kijiji kimoja cha Butiama, watoto wanne: wavulana wawili waliokuwa wakishinda na ng'ombe, na sisi wasichana wawili. Dada amenizidi miaka mitano. Redio ilikuwa ya baba, na kwa maoni ya baba ilitengenezwa kwa ajili ya taarifa ya habari na matangazo ya vifo. Muziki kwake ulikuwa kumaliza betri bure. Lakini Jumapili tukishatoka kanisani, baba alikuwa anakwenda mtoni kuangalia ng'ombe wakinyweshwa, na muda huohuo kipindi cha muziki wa dansi kilikuwa kinaanza. Dada alipanda juu ya kiti akaishusha redio pamoja na kitambaa chake cha kufuma. Tulikaa chini mlangoni, kila mmoja na kalamu yake, daftari moja katikati.

Tulitaka maneno. Wimbo ulikuwa ukipigwa mara moja, umepita. Wiki ijayo labda watapiga, labda hawatapiga. Mwanzoni kila mtu aliandika peke yake, tukaambulia vipande vipande. Dada ndiye aliyepata njia. Yeye aandike mstari wa kwanza, mimi wa pili, yeye wa tatu, mimi wa nne, hivyo hivyo mpaka mwisho. Ukishaanza kuandika masikio yanaziba, na mstari wa mwenzako unapita bila wewe kuusikia vizuri. Nyumbani tulikuwa tunaongea Kizanaki, na Kiswahili cha nyimbo zile kilikuwa cha watu wa mjini, kwa hiyo ilibidi kila mtu akazane na sehemu yake.

Hata kuimba tuliimba hivyo. Tukienda kuchota maji, dada alitangulia na ndoo yake, akaimba mstari mmoja, akanyamaza. Mimi nyuma nikaimba unaofuata. Wanawake tuliopishana nao walisema watoto hawa wamerogwa na redio.

Nilipokuwa darasa la sita dada aliolewa Ukerewe na kijana mfanyabiashara wa dagaa. Nilikuwa kwenye msafara wa kumsindikiza mpaka Kisorya. Daftari alikuwa nalo kwenye kikapu, chini ya kanga mpya. Kabla ya kupanda kivuko aliniambia, "Utakuja likizo, tutaandika zingine." Nilikwenda likizo moja tu. Alikuwa amejifungua, nyumba haikuwa na redio, na jioni alikuwa amechoka kiasi kwamba alilala akiwa amekaa. Tuliongea habari za mtoto. Baada ya hapo nikaenda sekondari, kisha chuo cha ualimu, kisha nami nikawa na wangu.

Hatujagombana hata siku moja. Ningesema tuligombana ingekuwa rahisi kueleza. Tunapigiana simu sikukuu na kwenye misiba. Tunaulizana presha, mvua, nani anaumwa. Kisha dada aliokoka, akaacha nyimbo za dunia pamoja na hereni, na mimi nikaona kuna mambo ambayo si adabu kumkumbusha. Basi tukabaki na presha na mvua.

Jumamosi nilifika Bweri alasiri. Nyumba ya mpwa wangu ni mpya, vyumba viwili tayari na kimoja bado hakijapigwa plasta, na nyuma amepanda mahindi. Alinipikia sato kwa ugali, akanipigia pasi gauni, akaniambia lipstiki kidogo haiui. Nilikataa. Halafu nikakubali. Jua lilipozama tulipanda bodaboda mbili, akamwambia dereva wangu, "Taratibu, umembeba mwalimu."

Muziki ulikuwa kwenye bustani ya hoteli moja karibu na ziwa. Viti vya plastiki, taa za rangi zimefungwa kwenye miti, moshi wa nyama. Nilidhani nitakuwa mzee peke yangu. Nilikuta watu wa umri wangu wamejaa: wanaume waliovaa suruali zenye mstari wa pasi, wanawake wenye vitenge vya sare, wastaafu wanasalimiana kwa kugonganisha viganja. Wengine nilisoma nao chuo. Tulicheka tulivyozeeka, tukaulizana nani bado yuko hai.

Bendi ilipopanda jukwaani nilivunjika moyo. Walikuwa vijana! Mwimbaji mwenyewe hakuzidi miaka thelathini, mwembamba, shati jeupe limemkaa vizuri. Nyimbo zile zilipokuwa zinatoka redioni hata mama yake huenda alikuwa bado msichana. Alishika kipaza sauti akasema, "Huu tunawapa wazee wetu," nami nikageuka kuwatafuta hao wazee.

Halafu gitaa likaanza. Sijui niseme nini juu ya gitaa lile. Lilianza peke yake, jembamba, kama mtu anayepiga hodi huku hana hakika kama wenyewe wapo. La pili likaingia chini yake, kisha ngoma, na goti langu ambalo lilikuwa linauma tangu kwenye basi likatulia. Vijana wale walijua kazi. Walikuwa wamejifunza hata pale mpiga gitaa wa zamani alipokuwa anachelewa kidogo makusudi. Watu walisimama. Mzee mmoja mbele yetu alivua kofia akaishika kifuani.

Wimbo wa tatu ndio ulionikamata. Ulikuwa ule wa mwanaume aliyepata barua ya kuachwa akaisomea hapohapo posta. Mwimbaji alianza, na bustani nzima ikaanza naye. Mimi sikuweza. Nilifungua mdomo, neno halikuja. Nikaona aibu, maana wimbo ule tuliuimba miaka. Ulipofika mstari wa pili, sauti ikanitoka yenyewe, kubwa kuliko nilivyotaka:

"Karani wa posta kaniuliza, nani anayelia?"

Wa tatu, kimya. Wa nne nikaimba wote, bila kukosea hata herufi. Hapo nikajua. Nilikuwa na mistari yangu tu. Mingine yote alikuwa nayo dada, na daftari lilivuka naye.

Na pembeni yangu, nilipokuwa nimenyamaza, kuna mtu alikuwa anaimba. Niligeuka. Mpwa wangu alikuwa amefumba macho, anaimba mstari wa tano wa wimbo ule ambao hana umri wa kuujua. Ulipokwisha akafunga mdomo. Nikaimba wa sita. Akaimba wa saba. Sote wawili tulisikia kwa wakati mmoja, tukatazamana, na hatukuweza kuendelea.

"Mama mdogo," alisema, kinywa karibu na sikio langu kwa ajili ya kelele, "umejuaje mistari hiyo ya katikati?"

"Wewe umejuaje ile mingine?"

"Mama alikuwaga anaiimba. Akiosha vyombo, akidhani tumelala. Anaimba mstari mmoja, ananyamaza kidogo, anaimba mwingine. Tulikuwaga tunamcheka. Tulijua amesahau maneno."

"Ananyamaza muda gani?"

Alifikiri. "Muda wa kuimba mstari."

Niliketi. Yeye aliketi pia, akaniuliza kama ni goti. Nikamwambia ndiyo, goti. Kisha nikaona ni ujinga, nikamweleza yote, redio na mlango na kalamu mbili, huku bendi imeshaingia wimbo mwingine na watu wanacheza mbele yetu. Alinisikiliza kama anasikia habari za mtu mgeni. Kwake mama yake alikuwa mwanamke wa maombi, wa kuamka mapema, wa kukemea. Hakujua kwamba aliwahi kupanda kiti kuiba redio.

"Lile daftari lipo?" nilimuuliza.

"La ganda jekundu?" Akatazama chini. "Tuliwashia moto, Mama mdogo. Mwaka ule mvua ilinyesha wiki nzima, kuni zote mbichi. Mama mwenyewe ndiye alikuwa anachana karatasi."

"Alisema nini?"

"Alisema tuhurumie kibiriti."

Sikulia. Nilimwomba tucheze. Tulicheza nyimbo nne, polepole, kwa mtindo wa kusogea kidogo tu, na alikuwa anacheka nilivyokuwa najua pa kugeukia. Ana paji la uso la mama yake na mabega ya mama yake. Taa zilipokuwa zikigeuka kijani, kwa nukta moja au mbili, alikuwa mama yake kabisa. Nami, Mungu anisamehe, kwa sababu mtoto yule alinifanyia wema mkubwa, nilimshika mikono nikatamani asiwe yeye. Nilimtaka dada mwenyewe. Nilimtaka yule wa mbele yangu njiani na ndoo, ambaye sikuona uso wake akiimba, niliona kisogo tu.

Tulirudi Bweri kabla bendi haijamaliza. Nililala kitanda kimoja na mpwa wangu, yeye akapitiwa na usingizi mara moja. Mimi nilijaribu kuutafuta mstari wa kwanza kichwani. Nilikuwa nimetoka kuusikia saa chache tu nyuma, ukiimbwa na watu mia. Haukuja.

Jumapili jioni, nikiwa nimeshafika Guta, nilimpigia dada. Nilipiga mara mbili, mara ya tatu akapokea.

"Shikamoo dada."

"Marahaba mdogo wangu. Habari za presha?"

"Nzuri. Yako?"

"Namshukuru Mungu." Nilisikia kuku, na mtu anatwanga mbali. "Mwanangu ameniambia mlikwenda muziki."

"Tulikwenda."

"Mh. Mimi mambo hayo niliyaacha, unajua."

"Najua, dada."

Nilikuwa nimejiandaa kumwambia mengi. Nilitaka kumwambia kwamba nimejua ananiachiaga nafasi, miaka yote hii, kule jikoni kwake ng'ambo ya maji, na mimi sikuwepo kuijaza. Lakini nilisikia sauti yake ilivyokuwa ya tahadhari, nikaona nikimwambia hatakuwa na pa kuimbia tena hata pale kwenye vyombo. Nikasema kulikuwa na upepo.

"Yule mwimbaji wao," alisema dada ghafla. "Mnene au mwembamba?"

"Mwembamba. Kijana tu. Wanaiga zile za zamani."

"Mimi siku zote nilimwona mnene," alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika, imeshuka, imekuwa karibu. "Mnene, shingo fupi. Na jasho. Hawezi kuimba vile mtu asiyetoka jasho."

"Mimi nilimwona ana meno ya mbele yaliyoachana."

"Meno yaliyoachana!" Dada akacheka. Sikuwa nimesikia kicheko kile tangu kabla ya chuo. "Umetoa wapi meno? Kwenye redio unaona meno?"

"Na wewe shingo umeitoa wapi?"

Tulicheka mpaka akakohoa. Kisha akasema wingu limeshuka kutoka ziwani na dagaa wake wako nje kwenye nyavu, hana wa kumsaidia kuanua. Nilimwambia haraka, kabla hajakata, kwamba likizo ya Juni nakuja.

"Ulishasemaga hivyo."

"Safari hii nakuja, dada."

"Haya. Ukifika Kisorya nipigie, nije kukupokea," alisema, akakata. Hana tabia ya kuaga kwenye simu, hajawahi kuwa nayo.

Sasa ni Aprili. Mvua zimeanza vizuri, na barabara ya kwetu imekuwa tope tupu. Mume wangu ameniuliza kama nitakwenda kweli au ni maneno tu. Nimemwambia nimeshaomba ruhusa kwa mwalimu mkuu, hata kama likizo yenyewe haihitaji ruhusa.