Midomo ya Mwongozaji

Mwongozaji yule wa filamu alizoea kuigiza mwenyewe huku akiwaamrisha watu wake, kwa kuwa filamu za siku zile hazikuwa na sauti. Mikono yake mizuri ingebembeleza shavu la mpenzi, machozi yanamtiririka, na midomo inasema, "Taa, we mjinga! Na wewe sogea, unanikanyaga." Mji mzima wa Torino ukilia, Ersilia, mshonaji wa mavazi yao, alikuwa akicheka peke yake ukumbini. Alikuwa kiziwi tangu utotoni, na alisoma midomo kama wengine wanavyosoma gazeti.

Jumapili ilipoonyeshwa filamu ya mtoni, hakucheka. Fosca, mwigizaji aliyezama wakati wa kupiga picha hiyo, alikuwa ameshazikwa, na mwongozaji alimwapia mama wa marehemu kwamba alidhani binti anaigiza tu. Sasa kwenye pazia mwongozaji alionekana ukingoni, amepiga magoti, uso kwenye kamera, na nyuma yake Fosca akitapatapa majini. Midomo ilisema waziwazi: "Anazama kweli. Msitupe kamba. Zungusha mkono wa kamera, zungusha!"



"Ona anavyomwombea, maskini," dada yake Nunzia alimgeukia, akifuta machozi.

"Hamwombei, dada!" Sauti ya Ersilia, asiyojua kuipima, ilijaza ukumbi. "Kesho inaonyeshwa tena. Nenda shule ya viziwi, waite wote, waje wasome anachosema!"

Kwenye safu ya mbele mwongozaji aligeuka, akamtambua mshonaji wake, kisha taratibu akajifunika mdomo kwa kiganja.